Kabla ya kuweka dole gumba, someni wasifu wa mawakili wenu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako halikosi habari za watu wanaojikusanya kudai haki kwa pamoja: wanakijiji waliohamishwa kupisha mgodi, wakulima waliouziwa mbegu zisizoota, wastaafu, wakazi waliovuta moshi wa kiwanda miaka nenda miaka rudi. Habari hizo hutaja idadi ya wadai, hutaja kiasi cha fidia, kisha humtaja wakili kwa mstari mmoja, mara nyingi kwa neno "maarufu". Sisi tunaoandaa majalada ya kesi za namna hiyo tunasema neno hilo halimsaidii mdai hata chembe. Linalomsaidia ni kujua kila mmoja katika ofisi ile amefanya kazi gani kabla ya hapo. Kesi ya kundi ni kazi tano au sita zilizofungwa katika jalada moja, na hatujaona mtu mmoja anayezimudu zote.

Marekani jambo hili hawakuachiwa wadai. Kanuni ya 23 ya mwenendo wa mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho ina fungu la (g), lililoongezwa mwaka 2003, linalomtaka jaji ateue mawakili wa kundi. Kabla ya kuwateua ni lazima apime mambo manne: kazi waliyokwisha kuifanya kuyachunguza madai, uzoefu wao katika kesi za kundi na kesi nyingine nzito, ujuzi wao wa sheria inayohusika, na fedha na watu watakaowaweka kwenye kazi hiyo. Ndiyo maana ofisi za huko huandika wasifu wa kila wakili kwa kirefu, kwa kuwa habari hizohizo ndizo zinazofika mezani kwa jaji. Sababu yake ni nzito. Katika kesi nyingi za fidia za huko mtu huhesabiwa ndani ya kundi bila kutia saini popote. Asiyetaka ndiye anayejitoa. Asiyemchagua wakili wake anahitaji mtu wa kumchagulia kwa macho makali.

Uingereza wanafuata njia nyingine. Chini ya amri ya madai ya kundi, kila mdai huandikishwa kwenye daftari la mahakama kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa, na ambaye hakuandikishwa hayumo. Huku kwetu, Tanzania tuna Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayowaruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wengi. Kenya wana kanuni inayofanana nayo katika Kanuni za 2010, pamoja na Ibara ya 22 ya Katiba inayomruhusu mtu kufungua shauri kwa niaba ya kundi. Katika zote hizo hakuna kifungu kinachomwambia jaji apime wasifu wa wakili. Kazi ambayo Marekani ni ya jaji, kwetu imebaki kwa wadai wenyewe, waliokaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji na fomu mkononi.

Tuanze na la chini kabisa, maana hapo nako watu huangukia. Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mwanasheria ana shahada ya sheria. Ili awe wakili Tanzania, hupitia Shule ya Sheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha huapishwa na Jaji Mkuu na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili; Kenya hupitia Chuo cha Sheria, hufanya kazi ya mafunzo kwa miezi sita chini ya wakili mzoefu, na hufaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Baada ya hapo cheti cha kufanyia kazi huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo "amesomea sheria" haitoshi, na "aliapishwa 2009" nayo haitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha mwaka huu. Tanzania jina huangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kenya huangaliwa kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria. Ni kazi ya dakika tano kwa mwenye simu na bando.

Mtu wa kwanza wa kumtafuta katika wasifu ni yule aliyekwisha kuendesha kesi ya uwakilishi tangu ombi la kwanza. Kwa Tanzania, watu wachache hawawezi kushtaki kwa niaba ya mia mbili mpaka mahakama iwape kibali. Ombi hupelekwa na hati ya kiapo, likiambatana na muhtasari wa mkutano uliowachagua wawakilishi na orodha ya majina yenye saini au alama za dole gumba. Kibali kikitoka, wote wenye maslahi hupewa taarifa, mmoja mmoja au kwa tangazo gazetini. Anayeruka hatua hii hufungua kesi ambayo upande wa pili utaiwekea pingamizi siku ya kwanza, na itaondolewa bila hata shahidi mmoja kusikilizwa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza sababu katika shauri la K.J. Motors dhidi ya Richard Kishamba: wanaosemewa huenda wamekufa, au hawapo kabisa, au ni majina ya kubuni. Kenya hapahitajiki kibali cha kufungua, lakini taarifa kwa wahusika ni lazima. Mdaiwa akiwa Serikali, Tanzania hutakiwa notisi ya siku 90 chini ya Sura ya 5, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali. Wakili aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au Wakili Mkuu wa Serikali huyajua haya kama njia ya kwenda kwake. Wakili hodari wa kesi za jinai, hata awe na sauti ya radi mahakamani, anaweza kuyakosa yote.

Sasa tufike kwenye jambo linaloua madai mengi kuliko yote, nalo ni muda. Tanzania dai la madhara, chini ya Sura ya 89, sheria ya ukomo wa muda wa kushtaki, lina miaka mitatu. Kenya nako ni mitatu kwa kawaida, lakini dhidi ya Serikali ni miezi kumi na miwili tu. Tunaomba wasomaji waangalie kesi mbili za wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, zote zilizofunguliwa London.

Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009 na wazee watano, kupitia ofisi ya Leigh Day kwa kushirikiana na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi isiyo ya kiserikali. Ukisoma historia ya ofisi hiyo, hutashangaa kwamba walijua pa kuanzia. Ilianzishwa 1987. Mwanzilishi mwenza, Martyn Day, mwaka 2002 alikuwa amekwisha kuwapatia Wamaasai na Wasamburu zaidi ya mia mbili fidia ya pauni milioni 4.5 kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kwa majeraha ya mabomu yaliyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi ya jeshi. Maana yake, kabla ya kumgusa mzee wa kwanza wa Mau Mau, ofisi ilikuwa imekwisha kujifunza jinsi ya kukusanya ushahidi wa hospitali za Kenya, jinsi ya kufanya kazi na wakalimani, na jinsi ya kuwalipa mamia ya watu wasio na akaunti za benki. Miongoni mwa mabarista waliosimama mahakamani alikuwemo Richard Hermer, ambaye mwaka 2024 aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Uingereza. Wakaleta na wanahistoria: David Anderson, Caroline Elkins, Huw Bennett. Ni katika kesi hiyo ilipobainika mwaka 2011 kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi kwenye jengo lake la Hanslope Park maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni, yakiwemo ya Kenya. Mwaka 2012 jaji aliwaruhusu wazee watatu waendelee ingawa zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyaraka hizo. Juni 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Ya pili ilikuwa na wadai zaidi ya 40,000, na mawakili wengine. Ilisikilizwa kuanzia 2016, kwa zaidi ya siku 200 za mahakama. Mwaka 2018 ilitupwa. Jaji alikataa kuutumia uwezo wake wa kuongeza muda: miaka mingi mno ilikuwa imepita, mashahidi ambao serikali ingewaita walikwisha kufariki, na kumbukumbu za waliobaki hazikuweza kupimwa kwa haki. Sheria ileile, Hali ya Hatari ileile, mahakama ya jiji lilelile. Hatusemi mawakili wa kesi ya pili walikuwa wazembe. Walibeba mzigo ambao kila mwaka uliopita uliuongezea uzito. Tunalosema ni kwamba watu wengi hupumbazwa na hesabu. Elfu arobaini inasikika kama nguvu. Mahakamani kila jina ni mtu ambaye lazima athibitishe alikuwa wapi, alitendwa nini, na kwa nini hakuja mapema. Wachache hufanyiwa mfano, na wao wakianguka wote huanguka. Kwa hiyo mwulizeni wakili: umewahi kuomba kuongezewa muda? Katika shauri gani? Ulikubaliwa au ulikataliwa, na jaji alisema nini?

Hapo ndipo tunapofika kwa mtu ambaye hata picha yake haiwekwi kwenye ukurasa wa ofisi, naye ndiye uti wa mgongo: msimamizi wa daftari la wadai. Wasifu wake huwa ni wa ukarani wa mahakama, utunzaji wa kumbukumbu, takwimu, au usimamizi wa sensa. Daftari zuri lina jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina mengine anayojulikana kwayo, mwaka wa kuzaliwa, alipokuwa akiishi wakati wa tukio, anapoishi sasa, simu yake na ya ndugu mmoja, madhara aliyopata, kithibitisho kilichopo, tarehe aliyojua kwa mara ya kwanza kwamba ameumizwa, na nani aliyemwandikia maelezo. Safu hiyo ya tarehe ya kujua husahauliwa mara nyingi, na ndiyo inayoamua hesabu ya ukomo pale sheria inapohesabu tangu mtu alipojua.

Mambo huharibika hivi. Mtu mmoja anaandikishwa mara mbili, kwanza kwa jina la babake, kisha kwa jina analoitwa mtaani. Upande wa pili ukiipata jozi kumi za namna hiyo, daftari zima linatiliwa shaka. Mzee anafariki na jina linaachwa lilivyo, ilhali dai lake haliwezi kuendelea mpaka familia ipate msimamizi wa mirathi. Mtoto anaandikwa kama mtu mzima, badala ya kuletwa na mzazi au mlezi. Baya kuliko yote ni maelezo ya shahidi yaliyonakiliwa. Karani aliyechoka anaandika sentensi moja nzuri, kisha anaibandika kwa watu thelathini. Wakili wa mdaiwa ataweka karatasi tatu mezani, atasoma sentensi ileile mara tatu, na hatahitaji kuuliza swali la nne. Maelezo huchukuliwa kwa lugha ambayo mdai anaiota usiku, iwe Kigiriama, Kikuria au Kiswahili. Yasomwe tena mbele yake kabla hajaweka dole gumba, na jina la mkalimani liandikwe chini. Ofisi isiyo na mtu aliyewahi kuchukua maelezo ya namna hii vijijini itajifunzia kwenu.

Tukija kwenye sayansi, mfano uko hapa Pwani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichofungwa 2014. Kesi yao, iliyofunguliwa na walalamikaji kumi kwa niaba yao wenyewe na wakazi wenzao wapatao 3,000, ilipata hukumu katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na shilingi milioni 700 za kusafisha mahali pale iwapo wahusika hawatapasafisha ndani ya miezi minne. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa ile fidia na kurudisha suala la kiasi likaangaliwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Zaidi ya miaka minne ilipita kati ya hukumu ya kwanza na ya mwisho, na sehemu kubwa ya mvutano ilihusu namna fidia ya jumla inavyokokotolewa kwa watu wasioumia sawasawa.

Sumu ya risasi, yaani yale madini yaliyomo kwenye betri hizo, inataka mtu anayeielewa. Damu iliyochukuliwa kwa kuchomwa kidole inaweza kutoa kipimo cha juu kisicho kweli, kwa sababu vumbi lenye risasi lililo kwenye ngozi huchanganyika na tone. Kipimo cha kuthibitisha hutaka damu ya mshipa, kwenye chupa zisizo na chembe za madini. Risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa karibu nusu kila mwezi mmoja hivi mtu akishatengwa na chanzo chake, wakati ile iliyoingia kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Kwa hiyo mtoto anayepimwa miaka miwili baada ya kiwanda kufungwa anaweza kuonyesha kiwango kidogo, na mdaiwa atasema hakuna madhara. Wakili aliyewahi kuwa muuguzi, mkemia, mhandisi wa mazingira au ofisa afya atalijua hilo kabla ya kumpeleka mtaalamu kizimbani, na atataka vipimo vichukuliwe mapema, kila chupa iwe na namba, tarehe, jina la aliyeipokea na jina la maabara. Akikosekana wakili wa namna hiyo, ofisi ionyeshe mtaalamu iliyekwisha kumwajiri kwa maandishi. "Tutamtafuta mtaalamu baadaye" ni jibu la hatari.

Kuna wasifu mmoja ambao watu wetu huukimbia, nasi tunaona wanakosea: wakili aliyewahi kuzitetea kampuni au mashirika ya bima. Husemwa, "Huyo ni mtu wao." Lakini mtu huyo anajua kumbukumbu za ajali huwekwa idara gani, ripoti ya ukaguzi hupita kwa nani kabla haijasainiwa, na bima hutenga kiasi gani kabla ya kukaa mezani. Anajua pia kwamba pingamizi la muda ndilo litakaloletwa kwanza, hivyo analijibu kwenye hati ya madai yenyewe. Sharti ni moja: asiwe amewahi kumtumikia mdaiwa huyuhuyu katika jambo linalofanana na hili. Mtakeni aandike na kutia saini kwamba hana mgongano wa maslahi. Akikwepa, basi.

Kesi ikivuka mpaka, wanahitajika mawakili wa pande zote mbili. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walioishtaki kampuni ya James Finlay katika mahakama ya Scotland kwa maumivu ya mgongo na viungo wametumia utaratibu wa kesi za kundi ulioanza huko Julai 2020. Bado ubishi mkubwa ukawa juu ya sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, na ni chombo gani kinachopaswa kuyasikiliza madai hayo. Wakili wa Edinburgh hawezi kuijibu hoja hiyo kwa kusoma kitabu wiki moja. Anahitaji wakili wa Nairobi au Kericho aliyekula chumvi nyingi katika mashauri ya kazi, na jina lake liwemo kwenye mkataba, si mtu wa kupigiwa simu mambo yakishaharibika.

Vyeo navyo visomwe kwa uangalifu. Mbia ni mwenye ofisi au mwenye hisa katika faida yake. Wakili mwajiriwa hulipwa mshahara na ndiye kwa kawaida atakayefanya kazi zenu za kila siku, kwa hiyo wasifu wake una uzito kuliko wa mbia aliye kwenye bango. Uingereza, solisita huandaa kesi na kukaa na mteja. Barista husimama mahakamani, na herufi KC baada ya jina lake ni daraja la juu linalotolewa kwa wachache. Kwenye wasifu wa Kimarekani mtaona sana kwamba fulani alikuwa msaidizi wa jaji mwaka mmoja au miwili. Hiyo ni kazi ya kutafiti sheria na kuandika rasimu za maamuzi. Inaonyesha kalamu nzuri na kwamba anajua jaji husomaje, haionyeshi kwamba amewahi kumhoji shahidi. Mtaona pia "amerejesha dola milioni kadhaa". Ulizeni nafasi yake katika kesi hiyo: kiongozi wa mawakili, mjumbe wa kamati, au mmoja wa ofisi ishirini zilizoorodheshwa mwishoni? Tuzo na nafasi kwenye vitabu vya kuwapanga mawakili tunaziweka pembeni. Ofisi nyingi hujipendekeza zenyewe kwenye orodha hizo. Namba ya kesi haipendekezwi na mtu.

Basi takeni namba za kesi tatu: moja waliyoshinda, moja waliyosuluhisha, moja waliyoshindwa. Zitafuteni kwenye tovuti za hukumu, TanzLII kwa Tanzania au Kenya Law kwa Kenya, hazisomwi kwa malipo. Anzeni na aya za mwisho, ndipo amri zilipo. "Imeondolewa" na "imetupiliwa mbali" ni maneno mawili tofauti: iliyoondolewa kwa kasoro ya utaratibu inaweza kurudishwa kama muda bado upo, iliyotupwa baada ya kusikilizwa imekwisha, labda rufaa. Wakili mwenye kesi tano zilizoondolewa kwa sababu ileile ya kibali hajajifunza, na hatajifunza kwenu.

Malipo. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hakiyatambui makubaliano ya kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Kwa hiyo anayewaambia "hamtoi hata senti, tutagawana tukishinda" anawapa ahadi ambayo sheria ya nchi yake haiisimamii. Uingereza makubaliano ya kulipwa ukishinda yanaruhusiwa, na katika madai ya majeraha nyongeza ya ushindi haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya hasara iliyokwisha kutokea na ya maumivu. Hasara ya baadaye haiguswi. Popote mlipo, andikisheni mambo haya: nani analipa gharama za upande wa pili mkishindwa, nani analipa wataalamu, na fedha za fidia zitaingia akaunti gani. Jibu la swali la mwisho ni akaunti ya wateja, iliyotengwa na fedha za ofisi. Katika suluhu ya 2013 ya wazee wa Mau Mau, kati ya pauni milioni 19.9, milioni 13.9 zilikuwa fidia na milioni 6 gharama za kesi. Ukigawa, kila mzee alipata wastani wa pauni 2,600 na ushei. Mdai anayeyajua mapema mafungu haya mawili hatadhani siku ya malipo kwamba ameibiwa, na wakili mwaminifu hatakuwa na sababu ya kuyaficha. Ofisi ionyeshe mtu aliyewahi kusimamia mgawo: orodha ya majina, kiasi, makato, saini ya kupokea, na utaratibu wa warithi.

Tuna ombi kwako pia, Ndugu Mhariri, maana gazeti lako limo ndani ya utaratibu huu. Matangazo ya kesi za uwakilishi chini ya ile Kanuni ya 8 huchapishwa kwenye kurasa za magazeti, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, katikati ya minada na vyeti vilivyopotea. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania kwa mujibu wa sheria. Tunaomba gazeti lako lisipokee tangazo la namna hiyo bila tafsiri ya Kiswahili kando yake, na kwamba tangazo litaje namba ya shauri, mahakama, kundi linalohusika kwa jina la kijiji au mtaa, tarehe ya mwisho ya kujiunga au kupinga, na jina la wakili pamoja na namba yake kwenye orodha ya mawakili. Mistari hiyo sita haizidi nafasi ya kisanduku kimoja cha tangazo la nyumba ya kupanga.

Wasaidizi wa kisheria,
Tanga na Mombasa